Mafuta Yaliyogoma Kutoka

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma kwa fundi pancha.

Walikuwa wanne na kiti kimoja. Kiti alikikalia Koti, kwa sababu dili lilikuwa lake. Jua liwake mvua inyeshe, mtu huyu havui koti lake la ngozi, na ndilo lililompa jina. Alichora sakafuni kwa chaki. Duara, ndilo tangi. Mstari, ndio mpira. Kisanduku, ndilo lori.

"Tunaingia getini kama wenye kuleta mafuta," alisema. "Mlinzi amezoea. Tunafunga mpira. Ila badala ya kumwaga, tunavuta. Kutoka pale getini mpira ni mpira tu. Nani atajua mafuta yanaingia au yanatoka?"

Dada Gia alicheka mpaka akapiga ukuta kofi. Huyu ndiye dereva. Mwanamke mnene, mikono ya kubeba magunia, ulimi wa kuchoma.

"Atatufungulia geti na kutusalimia," alisema. "Tukichelewa atatuletea chai."

Mlangoni alisimama Masizi, amekunja mikono. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha boila ya kiwanda kile, kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Shingoni mikunjo yote ilikuwa myeusi, sabuni ilishasalimu amri. Hajawahi kuiba hata msumari. Aliyemleta hapa ni mdogo wake, kitinda mimba wao, ambaye kila mtu anamwita Kitinda mpaka leo ana ndevu zake. Kitinda alikuwa mtu wa Koti. Na Koti ndiye aliyemuoa dada yao. Kwa hiyo wizi ulikuwa umeingia nyumbani kwa mlango wa mbele, na sherehe juu.

Wiki iliyopita Masizi alikwenda kwa Koti wakapeana mikono. Nitakufungulia tangi mara moja, alimwambia, mara moja tu, nawe umuachie mdogo wangu aende zake. Koti alikubali. Basi. Hilo ndilo lililomkalisha Masizi macho wiki nzima.

Na sasa mambo yalishaanza kwenda kombo.

"Tulisema jana," Masizi alisema.

"Jana lori halikupatikana."

"Shemeji, jana boila ilikuwa inawaka. Mafuta yalikuwa ya moto, yanakimbia kama maji. Jioni nimezima, leo watu wamepumzika. Mvua imenyesha usiku kucha. Haya si petroli. Haya ni mafuta mazito, yakipoa yanakuwa kama lami."

"Si uwashe tena?"

"Kuyapasha ni nusu siku. Na tukishavuta yakashuka, zile nondo za kupasha mle tangini zinabaki hewani. Nondo ikiwaka hewani, na gesi imejaa humo juu, tangi linaruka na sisi."

Koti alimtazama Dada Gia. "Huyu shemeji yangu, kwake kila kitu kinalipuka. Nadhani hata uji ukichemka anakimbia."

Wakacheka. Kitinda naye alicheka, na hicho ndicho kilichomuuma Masizi.

Saa tano. Kiwandani.

Mlinzi alifungua geti. Aliwasalimia kweli. Alimuuliza Masizi, "Hata leo hupumziki, fundi?" Masizi akajibu, "Kazi hizi, ndugu yangu."

Tangi lilikuwa nyuma ya chumba cha boila, refu kuliko nyumba, ngazi ya chuma ubavuni, kifuniko juu. Dada Gia alirudisha lori kinyumenyume. Wakafunga mpira. Masizi akafungua koki. Pampu ikawashwa.

Ikalia. Ikalia kama mtoto aliyenyimwa.

Mafuta yakaanza kuja. Unayaona kwenye kile kioo kidogo cha bomba, meusi, yanajiburuta, yanasimama, yanafikiri, yanajiburuta tena. Koti alitembea huku na huku. Alipiga tairi teke. Alipiga bomba teke. Akapiga teke ndoo isiyomkosea lolote.

"Ongeza kasi!"

"Ndiyo kasi yake," Masizi alisema.

"Pampu mbovu!"

"Pampu nzima. Mafuta baridi."

Saa sita ikapita hivyo. Saa saba ikapita hivyo. Mlinzi alitoa kichwa mara moja, akarudi kibandani kwake. Shati la Masizi lilikuwa limelowa jasho chapachapa, hali kulikuwa na baridi.

Koti akaenda kwenye lori, akarudi na dumu la petroli.

"Tuyachanganye. Yatalainika."

Masizi alilishika lile dumu kwa mikono miwili. "Hapana."

"Toa mkono, shemeji."

"Haya unampelekea mwenye tanuri la mikate, siyo? Akiwasha tanuri lake kesho alfajiri na petroli imo ndani, lile tanuri litampasukia usoni. Yeye na wakandaji wake. Boila na tanuri havijui utani."

"Mimi nauza. Sipiki."

"Basi humwagi."

Wakavutana lile dumu, watu wazima wawili, kama watoto wanaogombea embe. Dada Gia ndiye aliyelinyakua. "Hii petroli ni ya kututoa hapa," alisema, "na kwa mwendo huu tutatoka uzeeni." Akalirudisha kwenye lori.

Ndipo pampu ikabadili sauti. Ikakohoa. Kile kioo cha bomba kikabaki na povu tu.

Masizi alipanda ngazi, akafungua kifuniko, akasogeza uso kando, akamulika kwa tochi yake ya kazini. Mafuta yalikuwa yameshuka, yamefika kama magotini. Chini kabisa matope ya miaka mingi yalikuwa yamekusanyika, yameziba chujio la mdomo wa bomba.

Alishuka. "Basi. Lori limefika nusu. Tufunge twende."

"Nusu?" Koti alisema.

"Nusu, shemeji. Tumebahatika. Tuondoke."

"Nusu lori ni nusu mapatano." Koti alitabasamu kwa mdomo tu. "Mdogo wako nitakuachia nusu yake. Unataka upande gani, kichwa au miguu?"

Masizi alimsogelea. Kabla hajamfikia, Kitinda alivua shati.

"Mnabishana nini? Chujio limeziba, mtu anaingia, anazibua. Kwisha."

Lazima ujue kwamba kazi ya Kitinda, kabla ya Koti, ilikuwa kuosha matangi ya maji juu ya maghorofa. Ndani ya tangi alijiona yuko kwao. Alikuwa akijisifu kwamba amezama matangini kuliko samaki. Kwake tangi ni tangi, ukishakuwa na ndala na brashi.

"Huingii," Masizi alisema.

"Kaka, mimi si mtoto."

"Nisikilize, mdogo wangu. Maji hayana neno. Haya mafuta yanatoa hewa mbaya, inakaa humo humo haitoki. Inanuka yai viza. Halafu hainuki tena. Usije ukadhani imekwisha. Ni pua imekufa. Baada ya pua ni wewe."

"Dakika mbili tu."

"Wenye kazi hiyo wanaingia na mitungi ya hewa mgongoni. Na mtu wa kupima kwanza."

"Na wewe unaingia lini, kaka? Miaka yote unalizunguka kwa nje tu." Kitinda alifunga kitambaa kilicholowa puani, akamkonyeza Dada Gia. "Ameogopa tangi mpaka limemuogopa yeye."

Koti alikuwa kimya. Alijua kunyamaza kunatosha.

Kitinda akapanda. Masizi akamfuata nyuma, hana la kufanya, akimbembeleza mtu anayempa kisogo. Alichopata ni kamba tu. Alimfunga kamba kifuani, chini ya makwapa, mafundo mawili, na Kitinda akalalamika kwamba anatekenywa.

Kisha akazama.

Masizi alilala kifudifudi juu ya bati, uso pembeni, sikio karibu na tundu.

"Unasikiaje?"

"Kweli inanuka!" Sauti ilikuja imevimba. "Kama soksi zako!"

"Rudi!"

"Nimeshalishika chujio. Matope haya, mama yangu. Pampu! Washeni!"

Chini Koti akaiwasha. Ikalia. Kioo cha bomba kikawa cheusi tena. Koti akapiga makofi.

"Kaka!" Kitinda aliita, ana furaha. "Sasa hainuki! Imekwisha!"

"Toka!" Masizi alipiga yowe mpaka koo likakwaruza. "Kitinda, toka! Toka sasa hivi!"

Hakukuja jibu. Kukaja mshindo mmoja, laini, kama gunia la nguo mbichi.

Masizi alivuta. Dada Gia alishapanda ngazi bila kuitwa, wakavuta wawili. Kamba ikaja kidogo, ikagoma. Kwenye mwanga wa tochi aliona: mwili umeegemea zile nondo za kupasha, kichwa kiko juu ya mafuta, kamba imejisokota kwenye nondo. Kila wakivuta inajibana.

"Nashuka," Dada Gia alisema. Mguu mmoja alishautia tunduni.

Masizi alimkamata nywele. Nywele, kwa sababu ndizo alizozifikia. "Ukishuka utaanguka juu yake. Mimi nikishuka nitaanguka juu yako. Hakuna anayeshuka!"

"Ni ndugu yako!"

"Najua ni ndugu yangu!"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko yote aliyowahi kuyaona. Miguu ilitaka kushuka. Mikono ilitaka kushuka. Kila kiungo kilimwita mwoga. Ukutani kwa boila kulikuwa na mpira wa kompresa, ule wa hewa wa kupulizia masizi ya boila. Aliteremka mbio, akaifungua hewa, akapanda nao, akauteremsha tunduni mpaka mdomo wake ukaning'inia karibu na pua ya Kitinda. Upepo safi ukavuma mle ndani. Kifua cha Kitinda kilicheza. Kilicheza au ni mwanga wa tochi, hakujua.

"Shika hapa," alimwambia Dada Gia. "Uso wako uwe nje. Usiuache."

Akashuka tena. Kwenye ukuta wa chumba cha boila kulikuwa na kisanduku chekundu chenye kioo. Kengele ya moto. Kituo cha zimamoto kiko mtaa wa pili.

Koti alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Usiguse hiyo."

"Anakufa, shemeji."

"Amekwisha kufa. Ukigusa hiyo tumekwisha wote. Tuchukue lori twende. Dada yako nitamwambia mimi."

"Utamwambia nini?"

"Ajali. Ajali kazini."

Masizi alipiga hatua. Mkono wa Koti ukaingia ndani ya koti ukatoka na bastola, ndogo, imekwaruzika.

"Piga," Masizi alisema. Sauti haikuwa yake. "Kifuniko kiko wazi hapo juu yetu. Dumu lako la petroli limevuja nyuma ya lori, linanuka mpaka huku. Piga tuone cheche inaruka mpaka wapi."

Koti alitazama juu. Alitazama lori. Asubuhi yote alikuwa amecheka habari za kulipuka. Sasa hakucheka. Kidole kikasita.

Masizi akapiga kioo kwa kiwiko.

Kengele ilijaza kiwanda kizima. Mlinzi alitoka kibandani mbio, kofia mkononi. Koti alirukia lori, akawasha, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Alisahau mpira. Mpira ukakatika kwenye koki ya lori, na yale mafuta yaliyogoma siku nzima yakaanza kutoka, polepole, mazito, mbele ya magurudumu ya nyuma. Sakafu ya saruji ilikuwa imelowa mvua. Magurudumu yakazunguka mahali pamoja. Yakalia, yakarusha tope jeusi ukutani, lori likaenda upande kama mlevi, likajipachika kwenye nguzo ya geti. Koti alikuwa bado anapiga usukani ngumi wakati gari jekundu la zimamoto liliposimama mbele yake, likamzibia njia.

Watu wa zimamoto walipanda na mitungi mgongoni. Mkubwa wao alimshika Masizi bega.

"Wako wangapi ndani?"

"Mmoja."

"Sema kweli. Matangi haya huwa nakuta mtu na waliomfuata kumuokoa. Wangapi?"

"Mmoja tu."

Yule mtu alimtazama tena, kisha akashusha barakoa yake, akaingia. Walikata kamba. Walimpitisha Kitinda tunduni kwa shida, mabega yake yanateleza kama sabuni, mweusi kuanzia kidole cha mguu mpaka kwenye ndevu. Wakamlaza sarujini. Wakamvalisha kikombe cha hewa usoni.

Polisi walifika nyuma yao. Dada Gia alikuwa bado juu ya tangi, ameushika ule mpira kwa mikono miwili, na walimwambia mara tatu ndipo akauachia. "Mngekuja na ngazi nzuri," aliwaambia akishuka, "hii imenichania sketi." Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuyafuta.

Masizi alitoa mikono mwenyewe. Pingu zikalia, ka, ka. Aliomba kitu kimoja tu, akae pale chini karibu na mdogo wake. Askari akatazama mafuta, akatazama suruali ya Masizi, akasema kaa.

Akakaa. Akahesabu kifua kinavyopanda. Kikapanda. Kikachelewa. Kikapanda.

Kitinda akafungua macho, mekundu kama pilipili. Yalizunguka. Yakaona lori kwenye nguzo. Yakamuona Koti amelazwa kifudifudi juu ya boneti, askari wawili juu yake. Yakaona pingu mikononi mwa kaka yake. Mkono ukainuka kwa tabu, ukasukuma kile kikombe pembeni.

"Umetuuza," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ndogo, lakini ilikuwa sauti.

"Ndiyo," Masizi alisema.

Akakichukua kikombe kwa mikono yake miwili iliyofungwa, akakirudisha mahali pake, akakibana barabara ili hewa isivuje pembeni.

"Sasa vuta."