Jina la Nthoki kwenye Sweta ya Fagia

Julai jijini Nairobi haina huruma. Jua hutoka likiwa limechoka, likachungulia kidogo, likarudi kulala. Upepo hupita kati ya majengo ya zamani ya Shauri Moyo ukitafuta mtu aliyesahau kufunga kifungo.

Kila siku baada ya masomo, Khalayi, mwanafunzi wa gredi ya sita, alitupa mkoba kitandani, akanywa chai ya rangi iliyobaki kwenye thamosi, kisha akatembea hadi soko la Gikomba kumsaidia mama yake, Millicent, kuuza nguo za mitumba za watoto. Kazi aliijua vizuri. Mtumba ukishakatwa kamba, nguo huchambuliwa papo hapo. Zile bora, ambazo mtu angedhani ni mpya, huitwa kamera. Zile za mwisho, zenye madoa na zipu zilizokufa, huitwa fagia, kwa kuwa zinangoja ufagio tu.

Wiki hiyo mama alichambua kwa namna nyingine. Kule Mukuru kwa Njenga, tingatinga lilikuwa limebomoa nyumba za mabati asubuhi moja ya manyunyu, wenyewe wakiwa kazini viwandani. Aliyelituma hakujitokeza. Watu wa aina hiyo hawajitokezi, na nyumba zao hazibomolewi. Familia nzima zilikuwa zikilala chini ya karatasi za nailoni. Akina mama wa kanisa walienda huko na daftari, wakaandika jina la kila mtoto, umri wake na shida yake, ili kila mmoja aletewe nguo yake mwenyewe, iliyobandikwa jina lake kwa pini.

"Mama, kwa nini usiwape zile za fagia?" Khalayi aliuliza. "Hata hivyo haziuziki."

Mama aliacha kuchambua. "Nasi tulibomolewa, wewe ukiwa tumboni. Likaja gari la msaada. Unajua nilipewa nini? Gauni la harusi! Jeupe, refu, mgongo wazi, mwezi kama huu. Halafu tukaambiwa tutabasamu tupigwe picha. Mimi sisahau, Khalayi."

Akachomoa kutoka kwenye fungu la kamera jaketi jekundu lenye kofia na manyoya ndani. Kwenye kipande cha karatasi akaandika: NTHOKI, MIAKA 12, ANA PUMU. Akakibandika kifuani mwa jaketi na kulitia guniani.

"Kesho Jumamosi, upeleke gunia hili kanisani mapema, kabla gari halijaondoka. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia."

Kesho yake asubuhi mama alitangulia sokoni. Khalayi akabaki na gunia. Alitaka kulijaribu jaketi tu. Alipolivaa, joto lilimkumbatia kama mtu. Sweta yake ya shule ilikuwa na matundu viwikoni, na hakuna aliyekuwa ameandika jina lake kwenye daftari lolote. Akajiambia, mtu asiye na kitu hawezi kuchagua. Akachukua sweta nyembamba ya fagia, zipu yake imekufa, akahamisha ile pini yenye jina. Pini ikamdunga kidole. Akanyonya damu, akaficha jaketi chini ya kitanda, akabeba gunia mbio.

Mama Perez, aliyekuwa akipokea nguo mlangoni mwa kanisa, alimwekea mkono kichwani. "Umefanya vyema, mtoto wangu. Mungu akubariki."

Khalayi aligeuka haraka, akarudi nyumbani bila kutazama nyuma.

Mchana, alilivaa jaketi nyuma ya jengo lao, ambako mama hangemwona. Rafiki yake Jacklyne alimzunguka mara mbili.

"Manze, Khalayi! Hiyo jaketi ni kamera kabisa! Umetoa wapi?"

"Mjomba aliniletea."

"Mjomba gani? Yule anayekopa kila mtu sukari?" Jacklyne akacheka hadi akashika mbavu.

Khalayi alicheka pia, lakini kicheko chake kilikuwa kikavu.

Kesho yake ibada ilipokaribia kwisha, Mama Perez alisimama. "Wapendwa, nguo zimefika. Lakini kuna mtoto mmoja anaitwa Nthoki. Jana jioni kifua kilimbana, akapelekwa zahanati hawezi hata kuongea. Tumwombee."

Watu walifumba macho. Khalayi hakuweza. Hakuwa amewahi kumwona Nthoki, na hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwa sababu sasa Nthoki alikuwa na uso wa kila mtoto aliyepita. Mtoto akikohoa benchi la nyuma, alikuwa Nthoki. Jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta, alikuwa Nthoki.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alimvuta Jacklyne kando. "Mtu anaweza kufa kwa sababu ya baridi?"

"Baridi? Wewe! Yule mtoto wa kwa kina Aloo alikohoa siku tatu tu, halafu..." Jacklyne akamkazia macho. "Kwani ni nani mgonjwa?"

Siku tatu. Khalayi alihesabu kwa vidole ndani ya mfuko: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Kengele ya kurudi nyumbani ilipolia, hakupitia nyumbani kunywa chai. Alikimbia moja kwa moja hadi kibandani kwa mama Gikomba, akasema yote kwa pumzi moja, macho yake yakiwa kwenye mkono wa mama akingoja kofi.

Kofi halikuja. Mama aliteremsha turubai la kibanda polepole, na utulivu ule ulimtisha Khalayi kuliko kofi.

"Kachukue hilo jaketi. Twende."

Khalayi alikimbia nyumbani akalileta, kisha wakatembea wakipita kuta ndefu za viwanda na wafanyakazi waliokuwa wakitoka zamu. Kila hatua Khalayi aliomba njia irefuke. Walipofika Mukuru, aliona umati wa wanawake wamejitanda shuka, wamesimama kimya mbele ya kibanda cha nailoni. Akasimama ghafla njiani.

"Mama, ni matanga. Amekufa! Turudi!"

Mama alimshika mkono kwa nguvu. Umati ulisogea hatua moja, na Khalayi akaona sufuria kubwa. Wanawake walikuwa wamepanga foleni ya uji.

Mama alipomuulizia Nthoki, bibi mmoja aliyekuwa akikoroga uji aliinua mkono. Aliitwa Mbeti, nyanya yake Nthoki.

"Sema mwenyewe," mama alimnong'oneza Khalayi. "Mimi sikuhamisha pini."

"Shosho," Khalayi alianza, "hili ndilo jaketi la Nthoki. Nilijiwekea. Ile sweta niliitoa kwenye fagia."

Mbeti aliacha mwiko. Akainua nailoni ya mlangoni. Ndani, karibu na jiko, msichana mwembamba alikuwa ameketi akipumua kwa sauti ya filimbi. Alikuwa ameivaa ile sweta. Mahali pa zipu palifungwa kwa uzi, na karatasi ya jina bado ilikuwa kifuani.

"Ametoka zahanati leo asubuhi," Mbeti alisema. "Daktari alisema ni unyevu wa siku nyingi, si sweta yako peke yake. Sitakudanganya ili nikuogopeshe. Lakini pia sitakudanganya ili ulale vizuri. Baridi ilimkaba mbele yangu, nami sikuwa na cha kumfunika."

Khalayi alilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Sikiliza, mjukuu wangu," Mbeti aliendelea. "Walipokuja kutuandika majina, tulifurahi kuliko kupewa nguo. Tulisema, leo tumeonekana. Sweta ile ilipofika nikasema, kumbe walituandika kama wale waliotuchorea alama ya X milangoni kabla ya kubomoa. Aliyebomolewa nyumba hajabomolewa utu. Ukimpa mtu, mpe kitu ambacho ungeona uchungu kukiacha. Kile usichokitaka si sadaka, ni taka."

"Umesikia?" mama alisema. "Bado watoto arobaini hawajapata. Kuanzia kesho utachambua nami, na kila jina utaliandika kwa mkono wako. Na Jumamosi utakuja kugawa wewe, uwaone."

"Nitakuja, mama."

Nthoki alikuwa ameshavaa jaketi. Mikono ilimzidi kidogo, akaikunja. Alimtazama Khalayi, ambaye alikuwa akitetemeka ndani ya sweta yake ya shule, viwiko nje.

"Na wewe sasa utavaa nini?" akauliza.

Khalayi alifunika viwiko kwa viganja. Mbeti alivuta kigoda, akakiweka karibu na jiko.

"Kaa hapa, mtoto," akasema. "Uji unaiva."