Kafili Hasomeshi Mtoto

Ndugu zangu mnaotoa jasho Uarabuni, nanyi mlio nyumbani mnaolisubiri, nisikilizeni. Mimi Selipher nafanya kazi nyumba moja na Jael hapa Jeddah, na haya yalimpata yeye. Nilimwuliza kama niyaseme. "Sema, na majina utaje," akanijibu.

Ilikuwa Ijumaa moja mwaka wa 2014. Protus, mumewe Jael, ni mlinzi wa jengo la ofisi huko Olaya, Riyadh. Alikuwa akinywa chai kwa raha zake binti yao Beldina alipopiga simu kutoka Kakamega. Alikuwa amekubaliwa katika chuo kidogo cha Amerika, kile ambamo mwanafunzi husoma fasihi, hesabu na falsafa kwa pamoja. Karo ilikuwa ya kutisha, lakini chuo kilisaidia watoto wa wazazi wasiojiweza. Protus akajaza fomu ya msaada, sote tukashangilia.

Furaha haikudumu. Chuo kilijibu kwamba nafasi ipo, msaada hakuna, kwa sababu mtoto ana sponsa tajiri. Kama kuna kosa, wazazi walete uthibitisho wa kazi zao kabla ya mwezi kwisha.

Jael akampigia mumewe, simu ameiweka spika nami niko kando yake. "Sponsa gani huyo, Baba Beldina?"

"Si ni kafili wangu! Fomu iliuliza sponsa ni nani, nikaandika jina lake na maghorofa yake."

Msicheke. Hapa kila karatasi inayouliza sponsa inamtaka kafili, bwana aliyetuleta na anayeshikilia ikama zetu, yaani vibali vya kuishi. Chuo kilitaka mtu atakayelipa karo. Bwana huyo hata jina la Beldina hakulijua.

"Basi waandikie ukweli," Jael alisema. "Wewe ni soja, mimi ni hausigeli."

"Siwezi. Nyumbani wote wanajua mimi ni meneja, hata Beldina. Nikituma ikama itapitia kwake, ataona imeandikwa mlinzi, na kesho kanisa zima litajua."

"Kwa hivyo mtoto akose chuo ndiyo wewe ubaki meneja?"

"Kuna vyuo vingine. Halas, tuyaache."

Halas! Neno hilo lilinichoma hata mimi. Madam wetu akilisema tunanyamaza, tutafanyaje? Lakini mume wako? Jael alifungua kundi la WhatsApp la ukoo, lenye mashemeji, mashangazi na hata pasta, akarekodi sauti.

"Hamjambo nyote. Protus si meneja, ni mlinzi. Analinda mlango Riyadh, na anaulinda vizuri. Mimi naosha vyoo vya watu Jeddah. Chuo cha Beldina kinataka kujua hali yetu, na hali yetu ndiyo hiyo. Anayetaka kucheka acheke, akimaliza alipe karo."

Shemeji mmoja akaandika kwamba mke wa namna hiyo arudishwe kwao. Jael akamjibu, "Nirudishe wewe. Tikiti unayo?"

Kisha Beldina akaandika: "Baba, tuma ikama. Wakiniuliza nitasema ni mlinzi ndiye aliyenisomesha."

Protus hakuwa na cha kuficha tena. Alituma picha ya ikama yake, Jael naye ya kwake, Beldina akakieleza chuo kafili ni nani, na chuo kikatoa msaada wa sehemu kubwa ya karo. Kilichobaki wazazi wanakilipa wenyewe. Protus alimnunia mkewe muda mrefu. Na anune! Mtoto yuko darasani.

FUNZO

Mficha uchi hazai. Ukimdanganya jirani kuhusu kazi yako, anayelipa ni mwanao. Fomu ya msaada inauliza hali yako ya kweli, basi iandike bila aibu, na usilolielewa uliza kabla ya kujaza. Nanyi mnaotucheka kwa kuosha na kulinda, mtoto wa soja anasoma falsafa. Chekeni sasa.