Mbuzi wa Namba Kumi

Ndugu wa Ruashi, kaeni vizuri. Na ninyi majirani wa Bel-Air, msianze kucheka sasa, zamu yenu ya kucheka inakuja.

Asubuhi ile kwa Rigobert, kocha wa timu ya Ruashi, kulikuwa na amani. Mkewe Constance alikuwa anachambua maharagwe, redio inaimba, naye kocha anafuta filimbi yake kwa kanga ya mkewe. Ndipo akaingia mzee Clovis, mkubwa wa timu, bila hata kubisha hodi. Kampuni iliyokuwa inalisha timu imeanguka, akasema, na wachezaji wametawanyika, wengine Zambia, wengine kuchimba mawe ya shaba.

"Tafuta batoto, kocha. Bel-Air wakitupiga, kiwanja kinakuwa shamba ya mahindi. Bantu iko na njala, majembe iko tayari."

Haikuwa mzaha. Mwaka ule watu walipanda mahindi mpaka kando ya makaburi.

Jumamosi watoto wakaja kupimwa. Mwansa, mwembamba kama ufito, aliwapita watatu, kisha akarudi kuwauliza kama hawakuumia. Mama yake alikuja mikono mitupu, akashukuru, akaenda. Rigobert akasema mtoto huyo upepo utambeba, akamrudisha nyumbani.

Halafu akafika mama Kasoki, muuza unga wa jumla, na mbuzi kwenye kamba. Mwanawe Lévi akapiga mpira, akaukosa, kiatu chake kikaruka kikaingia golini. Kocha akatazama kiatu. Akatazama mbuzi.

"Muliona vile iliingia?" akasema. "Huyu iko na shabaha. Namba kumi."

Habari haina breki. Kesho yake jogoo akawa beki wa kulia, na beseni la samaki wakavu likawa kipa. Nyumbani kukanukia vizuri kuliko Krismasi.

"Baba Caleb," Constance akamuuliza mumewe, "hii timu unachagua na macho ao na tumbo?"

"Leta pilipili," akajibu kocha.

Siku ya mechi, nani anatoka na jezi ya Bel-Air? Mwansa! Upepo ulikuwa umembeba kweli, mpaka kwa jirani. Alifunga hadi watu wakaacha kuhesabu. Lévi naye, mtoto wa adabu, kila adui alipokuja alimpisha njia.

Mzee Clovis akaja kuuliza namba kumi huyu alichaguliwa vipi. Rigobert akamgeukia mama Kasoki mbele ya watu wote: "Mama, nilimuweka mutoto wako sawa vile tulisikilizana."

Mama akashangaa. "Tulisikilizana wapi? Mbuzi ilikuwa ya kukusalimia. Nani anaenda kwa bantu mikono mitupu? Lévi mwenyewe anatakaka kwaya."



Mvua za kwanza ziliponyesha, kiwanja kikagawanywa. Rigobert akapewa kipande palepale mbele ya goli. Constance akamkabidhi jembe.

"Baba Caleb, uko peke yako na goli. Usikose."

Akapiga. Likagonga jiwe.

FUNDISHO

Zawadi ya mgeni ipokee, ushukuru, ule; lakini usiivalishe jezi. Anayepima watoto wa watu kwa chungu chake anakula kiwanja cha wote, na njaa itamrudia. Wewe mwalimu, wewe mkubwa wa ofisi unayemcheka Rigobert, chungulia kwanza timu yako: namba kumi anacheza nani, mtoto au mbuzi?