Kinyamazishi cha Nakijwa

Kinyamazishi kilikuwa kidogo kama punje ya ulezi, kimeshikizwa kwenye mshipa wa fahamu unaotoka uti wa mgongo hadi ovari ya kushoto ya Nakijwa. Kila mara mshipa huo ulipopiga kengele ya hofu, chombo hicho kiliizima kabla haijafika. Maana ovari nazo husikia. Mtu akiishi kwa wasiwasi, mshipa ule hupiga kelele mchana kutwa, na mayai hukwama yangali machanga. Ya Nakijwa yalikuwa yamekwama miaka sita.

Sasa moja lilikuwa linapevuka. Bangili ya mkononi, iliyounganishwa na kinyamazishi, ilisoma kifuko cha yai milimita kumi na sita. Zilibaki siku mbili za utulivu, na Mbonea, mumewe, angeshuka kutoka kituo cha anga Ijumaa.

Nyumba ilikuwa kimya mno. Jioni hiyo, akimenya ndizi za mtu mmoja, alihesabu kwamba mama yake hajapiga simu wiki tatu. Alikuwa amejiambia kwamba mama naye kamchoka. Akaiuliza bangili, basi tu, kama kuna aliyemtafuta.

"Nimezuia simu arobaini na moja," ilijibu kwa upole. "Zote za mama yako. Ulichagua mwenyewe."

Akakumbuka. Siku ya kupandikizwa kinyamazishi, tabibu alimwuliza ni nani humshtua zaidi. Akacheka, akasema mama, maana hata salamu haijaisha ameshauliza kama kuna habari njema. Yeye alidhani wanapiga soga. Tabibu alikuwa anajaza fomu.

"Na nikimpigia?"

"Mshipa utaruka kupita uwezo wangu. Yai linaweza kukwama tena."

Alikaa na maganda mapajani. Akilini alimwona mama kule Same, akipiga, akikata, akijiuliza amemkosea nini mwanawe. Miaka sita yeye Nakijwa amemlilia mtoto asiyemjua sura. Na huyu mama anayemjua?

Akapiga.

"Nakijwa?" Sauti ilikuwa imechoka. "Umekula, mwanangu?"

Habari njema hakuiuliza. Bangili ikawaka nyekundu. Nakijwa alijibu, akilia, kwamba anamenya ndizi, na mama akamwambia basi asizikate mapande makubwa kama kawaida yake, zikaiva nje tu.

Mama alipofika kwenye habari za mbuzi wa jirani, taa ilikuwa imesharudi kijani. Hakuna aliyekuwa anaitazama.