Bastola Inayomfaa Corliss

Corliss Tackett na dada yake Idella walifuga mbuzi ishirini na watatu katika milima ya Arkansas. Corliss alikamua, na Idella alitengeneza jibini. Idella alitembea kwa fimbo tangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Kila asubuhi walikula mayai na mkate wa mahindi, wakagombana kidogo kuhusu redio, kisha kila mmoja akaenda kazini kwake.

Jirani wa karibu alikuwa umbali wa maili mbili. Huku kwetu milimani, polisi wa kaunti wakiitwa huchukua dakika arobaini kufika. Kwa hiyo kabatini mlikaa bastola ya marehemu baba yao. Ilikuwa kubwa na nzito. Mzee alikuwa akienda nayo kuwinda nguruwe mwitu.

Siku moja, saa nne asubuhi, mwanamume wasiyemjua alivunja kioo cha mlango wa jikoni.

"Ondoka!" Corliss alipiga kelele, akiitoa bastola kabatini. "Nina bastola!"

Mtu yule hakuondoka. Aliingiza mkono, akafungua komeo, akaingia na nyundo mkononi. Corliss alifumba macho, akafyatua.

Mlio ulikuwa kama paa linaporomoka. Bastola ilimrukia usoni, ikampasua paji. Alipofumbua macho, mtu yule alikuwa akikimbia kuelekea barabarani.

"Idella! Idella, uko wapi?"

"Niko chooni! Umepiga nini, mama wee?"

Risasi ilikuwa imemkosa yule mwizi kabisa, ikaenda upande wa sebuleni. Ilikuwa imetoboa ukuta wa jikoni, ikatoboa ukuta wa pili, ikapita katikati ya kiti cha Idella sebuleni. Idella alikuwa ameondoka kwenye kiti hicho dakika moja tu kabla. Alikisogelea kwa fimbo yake, akatia kidole kwenye tundu. Kidole kiliingia chote.

"Corliss," alisema polepole, "hapa ndipo kifua changu hukaa."

Kesho yake Corliss alimpigia simu Nadine Stroud, akamsimulia yote. Nadine alikuwa polisi wa kaunti kwa miaka ishirini na sita. Sasa alikuwa amestaafu, na alifundisha watu kutumia silaha.

"Bi Nadine, nitafutie bastola ndogo kuliko zote," alisema Corliss. "Ile ya kutia mfukoni kama kiberiti."

Nadine alicheka. "Jana ulishika nyundo ya kupasulia mawe, leo unataka sindano? Njooni Jumamosi. Msinunue chochote kabla ya hapo."

Jumamosi walimkuta nyuma ya nyumba yake, mbele ya tuta refu la udongo. Juu ya meza palikuwa na mabonge matatu marefu ya jeli, maangavu kama kioo.

"Hicho ni kitindamlo?" aliuliza Idella.

"Usile, Bi Idella. Jeli hii imepikwa iwe na ugumu unaokaribia nyama ya mwili. Haina mifupa, lakini inatuonyesha risasi inavyosafiri."

Walivaa miwani na vizibo vya masikio. Kwanza Nadine alifyatua bastola ndogo ya mfukoni. Alipima kwa rula.

"Upana wa risasi ndio tunaouita kaliba. Hii ni nyembamba, na imeishia inchi saba. Mtu akivaa koti nene, au akiwa ametanguliza mkono, huenda isifike penye maana. Tunataka inchi kumi na mbili hadi kumi na nane."

Kisha akachukua bastola ya baba yao, kaliba ya arobaini na nne. Bonge liliruka juu ya meza kama samaki. Risasi ilitokea upande wa pili, ikazama kwenye tuta. Idella alijishika kifua.

Mara ya tatu Nadine alitumia bastola ya milimita tisa, yenye risasi ya ncha tupu, ile yenye tundu mbele ambayo hufunguka ikigonga mwili. Hakuna kilichoruka. Risasi ilisimama inchi kumi na nne ndani ya jeli.

Corliss alipiga magoti kando ya meza. Jua lilipenya ndani ya bonge, na njia ya risasi iling'aa kama ufa kwenye barafu. Mwisho wake palikuwa na shaba iliyofunguka kama ua. Ilikuwa nzuri, na uzuri huo ukamtisha. Kitu kidogo kuliko ncha ya kidole chake kilikuwa kimefanya yote hayo kabla hajapepesa jicho.

"Kwa hiyo hii ndiyo bora?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bado. Jeli imekwambia nusu. Nusu nyingine utaambiwa na mikono yako."

Corliss alilenga sahani ya karatasi, hatua saba mbele yake. Kwa bastola ya baba, alipata mara moja katika tano. Alijaribu milimita tisa nyepesi, ikamuuma kiganja. Alijaribu milimita tisa nyingine, ndefu na nzito kidogo. Alipata mara tano.

"Umeona?" alisema Nadine. "Kaliba ile ile, lakini bastola nyepesi hupiga teke zaidi. Chagua risasi inayofika ndani vya kutosha, kwenye bastola unayoweza kuilenga tena na tena. Mtu ambaye mikono yake haimudu hii, nitampa kaliba ndogo zaidi. Ndogo inayopata ni afadhali kuliko kubwa inayokosa."

"Na hii haitatoboa ukuta?"

"Itatoboa. Ukuta wa mbao hauzuii risasi yoyote ya maana. Kwa hiyo jua nani yuko nyuma. Kidole nje ya kifyatulio mpaka umeamua. Na huamui mpaka maisha yako yamo hatarini na huna njia nyingine."

"Na mimi je?" aliuliza Idella.

"Wewe kazi yako ni simu, Bi Idella. Kelele unaziweza."

Corliss alinunua ile bastola, na kisanduku cha chuma chenye kufuli. Kila Jumamosi alikwenda kujizoeza.

Mwezi wa Novemba, asubuhi ya mvua, mlango wa jikoni ulisukumwa kwa nguvu. Idella alishika simu. Corliss alisimama mahali ambapo nyuma ya mlango palikuwa na ukuta wa mawe wa ghala. Bastola ilitulia mikononi mwake. Macho yake yalikuwa wazi.

"Nionyeshe mikono yako!"

Mikono miwili ilipanda. Ilikuwa mitupu, ya kizee. Mtu huyo alikuwa amevaa nguo za kulalia na ndara zilizolowa.

"Lorene," alisema, "mbona umebadilisha mapazia?"

Alikuwa Mzee Purvis Mabry wa ng'ambo ya kijito. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, naye alikuwa ametembea tangu alfajiri akimtafuta mkewe Lorene, aliyekwisha kufa.

Corliss alishusha bastola, akaifungia. Idella alimfunika mzee kwa blanketi, akampa supu, kisha akampigia simu binti wa mzee huyo. Mzee alikula, kisha akasinzia palepale mezani.

Corliss alivuta kiti, akakaa mbele yake. Alikitazama kifua cha mzee kikipanda na kushuka chini ya blanketi, kikipanda na kushuka. Mbuzi walilia wakitaka kukamuliwa. Hakuweza kuinuka.