Nani Alisoma Vipimo vya Mwalimu?

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa kiwanda. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kubadilishia nguo. Cherehani ya dirishani ilikuwa ya mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Ya pili aliitumia wifi yake, mdogo wa mumewe. Wifi huyo alikuja kutembea wiki mbili, akakaa miaka mitatu, na hakuna aliyelalamika. Alikuwa na mkono mwepesi wa kutia zipu, na mdomo mwepesi wa kutania.

Zamani Fundi aliandika vipimo vya wateja kwenye daftari. Siku moja chai ilimwagikia daftari, na vipimo vya watu arobaini vikawa uji wa wino. Tangu hapo alitumia simu. Kwenye programu ile ile ya kuandikiana na ndugu na wateja, alijitumia mwenyewe vipimo vya kila mtu. Kifua, kiuno, nyonga, na neno moja la kujikumbusha: mkono mmoja mrefu, hapendi kubanwa. Simu haifutwi na chai, alisema, na alijiona mjanja kweli.

Siku moja akaja Mwalimu, mwanamke wa makamo anayefundisha shule ya jirani. Alitaka gauni la kuvaa kwenye mahafali ya binti yake. Alipofika nyuma ya pazia akasita. Akaomba wifi atoke kidogo. Fundi akamtuma wifi akanunue zipu. Ndipo Mwalimu akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba mwaka jana alifanyiwa upasuaji. Ziwa la kushoto liliondolewa. Hata majirani zake hawakujua.

"Nimekwambia kwa ajili ya gauni tu," alisema. "Likae vizuri, watu wasinikodolee macho."

Fundi aliapa kwamba halitatoka mdomoni mwake. Kisha, kwa mazoea, akachukua simu akaandika: Mwalimu. Kifua hivi, kiuno hivi. Ziwa la kushoto halipo, weka pamba. Siri.

Baada ya siku tisa Mwalimu alirudi. Hakuketi. Alisema kuna mwanamke asiyemjua hata kwa sura, amemshika mkono sokoni mbele za watu na kumpa pole ya ugonjwa.

"Mtaa huu nilimwambia mtu mmoja tu," alisema. "Nipe kitambaa changu."

Kitambaa kilikuwa bado hakijakatwa. Fundi alikikunja, akampa. Alitaka kujitetea, lakini hakupewa nafasi. Mwalimu aliondoka bila kuaga. Fundi alibaki na aibu yake.

Yeye hakumwambia mtu. Hilo alikuwa na hakika nalo. Basi nani? Alikitazama chumba chote, na jicho lake likaishia kwenye cherehani ya pili.

Namba ya kufungulia simu yake ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Nyumba nzima iliijua. Watoto waliifungua kucheza michezo. Mumewe aliifungua kutazama matokeo ya mpira. Wifi aliifungua kila mteja alipopiga na Fundi ana pini mdomoni. Mtu anayeweza kufungua simu anashindwaje kusoma?

Tangu saa hiyo kila alichofanya wifi kilimtia shaka. Wifi akicheka na simu yake, Fundi alijiuliza anamcheka nani. Wifi akitoka uani kuongea, Fundi alitega sikio dirishani. Akinyamaza, ana la kuficha. Akiongea sana, anazuga. Mumewe alimshauri amuulize huyo wifi waziwazi, yaishe. Fundi akasema akimuuliza atakana tu, afadhali amtege.

Basi akajitumia ujumbe wa uongo: Nafunga kiwanda mwezi ujao, nahamia kwa mama. Akaiacha simu juu ya meza ya kukatia, mbele ya wifi, akaenda kupiga pasi uani. Alipiga pasi gauni moja mara tatu ili ampe mtu nafasi.

Kesho yake muuza zipu akamsimamisha dukani kwake.

"Eti unahama, Fundi? Na zile zipu ulizoniagiza nimpe nani?"

Fundi alirudi nyumbani mbio mbio. Sasa alikuwa na ushahidi. Alimkuta wifi amekaa kwenye cherehani yake, anashona pindo huku akiimba.

"Wifi, umesoma simu yangu."

"Sijaigusa tangu juzi. Kuna nini?"

"Usinifanye mtoto. Siri ya Mwalimu umeitoa wewe. Na hii ya kuhama umeitoa wewe."

"Siri gani ya Mwalimu? Na nani anahama?"

Uso wake ulionyesha kwamba hajui lolote, lakini Fundi aliona huo ni usanii tu. Akamwambia nyumba hii haikai na mtu mwenye macho ya kuchungulia. Wifi hakulia wala hakugomba. Alifunika cherehani, akatia mkasi wake na nguo zake kwenye begi, akaenda kwa dada yake mkubwa upande wa pili wa mji. Siku hiyo mumewe Fundi hakutia kitu mdomoni. Watoto waliuliza shangazi yao atarudi lini.

Fundi alibadilisha namba ya kufungulia simu, akaitia simu kifuani, na hapo ikashinda kutwa. Aliamini mambo yamekwisha. Siku ya nne akaja mke wa muuza matairi. Alitaka kumshonea mumewe suti ya zawadi, na mumewe asijue. Alileta shati la mumewe la kupimia. Fundi akapima, akaandika habari ya suti na ya shati alilolileta mke, akarudisha simu kifuani.

Asubuhi iliyofuata muuza matairi mwenyewe alisimama dirishani, ametabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Suti yangu usiibane tumboni, Fundi. Lile shati alilokuletea mke wangu nililivaa nikiwa bado sijaoa."

Sindano ilimchoma Fundi kidole, hata hakuisikia. Wifi hakuwepo. Wifi hakumjua mteja huyu. Simu haikutoka kifuani. Kwanza aliogopa kwamba simu ina jini. Kisha akaogopa jambo baya zaidi, kwamba amemfukuza mtu asiye na kosa.

Alijitupia kanga, akaenda kwa fundi simu wa mtaa. Huyu alikuwa dada mmoja mwembamba aliyeitwa Bisibisi, kwa sababu bisibisi haikukosekana nyuma ya sikio lake. Kibanda chake kilijaa vioo vilivyopasuka na waya. Fundi alimsimulia yote, akamkabidhi simu, akaanza kumtajia namba ya kuifungulia. Bisibisi akainua mkono.

"Usinitajie. Andika mwenyewe, mimi natazama kule."

"Wewe si fundi?"

"Ndiyo maana nakwambia. Fundi simu akikuomba namba yako ya siri, muulize anaitaka ya nini. Na ukileta simu itengenezwe, kaa hapa uitazame."

Fundi aliandika namba, Bisibisi akiwa amempa kisogo. Kisha Bisibisi akageuka, akafungua ile programu ya ujumbe mbele yake, polepole, ili naye aone. Aliingia kwenye mipangilio. Akabonyeza mahali palipoandikwa "Vifaa vilivyounganishwa."

"Unaona hapa? Kuna kompyuta. Imetumika leo saa tatu asubuhi. Nyumbani una kompyuta?"

"Sina hata meza ya kuiwekea."

"Basi umewahi kuielekeza simu yako kwenye kompyuta ya mtu? Kwenye kile kimraba chenye madoa meusi na meupe?"

Fundi alifikiri. Akakumbuka. Mwezi uliopita alikwenda duka la kuchapisha. Alitaka picha za mitindo azibandike ukutani. Mhudumu alimwambia aelekeze kamera ya simu kwenye kimraba kilichokuwa kwenye kompyuta. Picha zikaonekana pale, zikachapishwa, naye akaondoka amefurahi.

"Ulichukua karatasi zako ukaondoka," Bisibisi alisema. "Ujumbe wako ukabaki. Kila unachoandika huku kinaonekana kule, dakika hiyo hiyo."

"Lakini nimebadilisha namba ya kufungulia."

"Hiyo inafunga simu iliyo mkononi mwako. Haifungi kompyuta ile."

"Kwa hiyo anayesoma hahitaji kuishika simu yangu?"

"Hahitaji hata kukujua."

Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja. Akilini alimwona wifi yake akitia mkasi kwenye begi. Mtego wake ulikuwa umefyatuka kweli, lakini ulimnasa aliyekuwa karibu tu.

Alitaka kuondoka hapo hapo akapambane na mhudumu. Bisibisi akamzuia. Kwanza funga, alimwambia, ugomvi baadaye. Alimwonyesha namna ya kupiga picha ya kioo cha simu, ili abaki na ushahidi. Kisha akamwacha abonyeze mwenyewe neno "Ondoka." Ile kompyuta ikapotea kwenye orodha.

Hawakuishia hapo. Bisibisi alimuuliza kama namba aliyobadilisha ni mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Fundi akakiri, na Bisibisi akacheka. Akamwambia aweke tarakimu sita ambazo hazimo kwenye cheti cha mtu yeyote wa nyumbani. Programu ya ujumbe nayo akamwambia aiwekee namba yake ya pili ya siri, ili mtu asiweze kuifungua kwenye simu nyingine. Kama ujumbe utakuja na tarakimu za kuthibitisha, asimpe mtu, hata anayejiita wa kampuni ya simu. Akaficha pia maneno ya ujumbe yasitokeze wakati simu imefungwa.

"Na ukienda kuchapisha tena?" Bisibisi aliuliza, kama anayempa mtihani.

"Siendi."

"Utakwenda. Tuma picha unazozitaka tu. Au ukiunganisha, usinyanyuke kwenye kiti kabla hujajiondoa kwenye kompyuta. Halafu tazama orodha hii kwenye simu yako, uone imebaki tupu."

"Na ugonjwa wa mtu?" Fundi aliuliza taratibu.

"Hilo si jambo la mipangilio, mama. Kuna mengine hayaandikwi kwenye simu."

Duka la kuchapisha lilikuwa na benchi mbili za wateja. Kompyuta iliwekwa mezani, kioo chake kikielekea benchi. Fundi alimwonyesha mhudumu ile picha. Mhudumu alikuna kichwa.

"Ilikuwa wazi tu, mama. Wanaosubiri huwa wanasoma."

Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia gazeti la jana. Kumbe muuza zipu alichapisha pale orodha za bidhaa zake. Muuza matairi alichapisha pale risiti zake. Walikuwa wamekaa, wamesubiri, wamesoma. Na wakati Fundi amesimama pale, kioo kilionyesha ujumbe wa mtu mwingine kabisa, pamoja na majibu yake ya hospitali. Fundi alikataa kuondoka mpaka mhudumu amefunga vyote, na mpaka mwenye duka amekuja kuigeuza kompyuta ielekee ukutani.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja upande wa pili wa mji. Wifi alikuwa kibarazani anatoa uzi kwenye nguo. Fundi alimweleza kila kitu, bila kuruka ule mtego wa meza.

"Nimekukosea," alisema. "Nilikuwa na macho ya kukushuku wewe. Sikuwa na macho ya kutazama simu yangu."

"Ulinitega kama panya, wifi," wifi alijibu. "Miaka mitatu nimekula kwako. Ungeniuliza."

"Kweli, nilipaswa kukuuliza."

Wifi hakumkaribisha ndani, lakini alisogea kwenye mkeka ili naye akae. Baadaye Fundi aliomba jambo moja. Alikuwa anakwenda kwa Mwalimu kusema ukweli, na alitaka wifi asikie jina lake likisafishwa. Wifi alifikiri, akavaa viatu.

Mwalimu aliwapokea mlangoni. Fundi alimwambia kwamba siri yake haikutolewa na mdomo wa mtu wa nyumbani kwake. Ilitoka kwenye simu, na simu aliiacha wazi yeye mwenyewe. Aliandika jambo ambalo hakupaswa kuliandika. Ameshalifuta, na kompyuta imefungwa. Yaliyokwisha kusomwa hawezi kuyarudisha, na hilo linamuuma sana.

Mwalimu akamgeukia wifi.

"Na wewe alikusingizia?"

"Mpaka akanifukuza."

"Umemsamehe?"

"Bado," wifi alisema. "Lakini Jumatatu narudi kazini."

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hakutaka kucheka.

"Basi na mimi," alisema. "Bado. Lakini Jumatatu nitaleta kitambaa."

Alikileta. Fundi alimpima, wifi akakata na kushona, na vipimo vile havikuandikwa kwenye simu. Siku ya mahafali watu walilisifu gauni la Mwalimu kuanzia shingo hadi pindo. Waliuliza nani amelishona. Hakuna aliyejua kwa nini lilikaa vizuri namna ile.