Maji ya Chumba cha Nyuma

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo sijalitegua mpaka leo, na nimewauliza watu wanaojua. Kompyuta inayopozwa kwa maji haiwezi kuwa na maji baridi kuliko hewa ya chumba ilimo. Maji hubeba joto la prosesa, hupita kwenye rejeta, feni huyapuliza, yakarudi. Yakipoa sana yatalingana na hewa, basi. Lakini maji ya kompyuta ile yalishuka chini ya hewa, tena ikiwa kazini.

Aliyeiunda ni fundi wa kompyuta, mwanamke wa mkono mtulivu. Alimuundia mumewe, mhariri wa filamu, aliyechoshwa na mashine ya zamani iliyozimika kila ikipewa kazi nzito. Waliishi na binti yao mdogo, Kidoti, katika nyumba ya shangazi wa mume, ambaye ndiye aliyemlea. Shangazi alipohamia kwa ndugu yake aliwaachia nyumba nzima isipokuwa chumba cha nyuma. Hicho alikifunga kwa ufunguo na kuacha sharti moja: kiyoyozi cha humo kisizimwe. Hawakumuuliza. Mtu aliyekulea hahojiwi kwa vitu vidogo.

Fundi alipanga vipimajoto vyake kwa uangalifu. Kimoja alikizamisha tangini, kingine akakifunga kwenye mpira unaotoka kwa prosesa, cha tatu kwenye mpira unaotoka kwa rejeta. Cha nne kilikuwa cha hewa, na hicho hakitakiwi kupigwa na upepo wa feni, kwa hiyo alivuta waya hadi ukuta wa mbali akakitundika juu ya godoro la Kidoti, ambaye alipenda kulala mchana baba yake akifanya kazi. Wakati wa kujaza, maji ya betri yakaisha tangi likiwa nusu. Akatoka uani, akachota kwenye ndoo iliyokinga matone ya kiyoyozi cha chumba cha nyuma. Mafundi hufanya hivyo; maji yale hayana chumvi.

"Mama Kidoti, kipimo chako kibovu," mume alisema kesho yake. "Eti maji yana baridi kuliko sisi."

"Kibovu ni hicho kichwa chako. Sogea."

Alisogea. Fundi akakichomoa kipimajoto cha mpira wa prosesa, akakitia kwenye kikombe cha chai, kikasema kweli. Akakirudisha mahali pake. Baridi.

Kisha ikaanza sauti, kama koo linalomeza. "Hewa imeingia kwenye mipira," fundi alisema, akaliinamisha kasha la kompyuta huku na huku. Hapakuwa na hata povu moja. Palikuwa na harufu ya nguo iliyoloa ikasahauliwa kabatini.

Alasiri moja mume aliipa mashine filamu nzima iichakate. Prosesa ikapamba moto. Fundi, akitazama namba zote nne kwenye kioo, aliona baridi ikihama: ikautoka mpira wa prosesa, ikaonekana kwenye rejeta, ikaingia tangini, kisha na tangi nalo likapata joto.

"Umeona?" mume akacheka. "Imejitengeneza yenyewe!"

Lakini namba ya nne, ile ya hewa, ile ambayo haikuwa na sababu yoyote ya kusogea, ilikuwa inashuka, inashuka bila kusita kama kitu kinachotelemka ngazi, na fundi alipogeuka kuufuata waya kwa macho hadi ukutani alimwona Kidoti amelala chali, midomo imekuwa ya kijivu, kifua kimetulia kuliko kifua cha mtu aliyelala kinavyotulia, na ile sauti ya koo linalomeza haikutoka tena ndani ya kasha bali pale juu ya godoro, karibu kabisa na uso wa mtoto.

Aling'oa waya wa umeme. Feni zikanyamaza. Kidoti akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Mama," alinong'ona, "anasema mmemchoma."

Walimpigia simu shangazi, akafika jua likiwa bado juu. Hakuketi.

"Maji mlichota wapi?"

"Uani, shangazi. Kwenye ndoo."

Hapo akaketi. "Kiyoyozi hukamua unyevu wa hewa. Chumba kilichofungwa, kisicho na mtu, kingekuwa kimekauka zamani. Hamkujiuliza ndoo ile inajazwa na pumzi ya nani?"

Shangazi akautazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Alikuja nilipofiwa na mume wangu. Nilikuwa naamka nasikia mtu anapumua upande wa pili wa kitanda. Sikumfukuza. Nililala vizuri, wanangu, kuliko nilivyolala kabla. Nilaumuni tu."

"Nani akulaumu?" fundi alisema kwa sauti ya chini, na alimaanisha, ingawa kiganja chake hakikuondoka kifuani mwa mtoto. "Tufanye nini?"

"Huyo hastahimili joto. Ukimuunguza, hutafuta pumzi changa ya kujipoza."

"Basi nayamwaga mtaroni sasa hivi," mume alisema.

"Umwage, abaki hana pa kukaa? Pumzi ya mwisho aliyoionja ni ya nani?"

"Tuhame!"

"Atawafuata."

Walibishana kwa minong'ono mpaka hoja zikawaishia. Wakakubaliana hivi: maji yote yatolewe na kurudishwa chumba cha nyuma, na humo akae naye mtu ambaye alizoea pumzi yake kabla ya mtoto, asije akatoka kuitafuta nyingine. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja.

"Mnifunge kwa nje," shangazi alisema. "Nikitaka chakula nitabisha kwa kiganja. Mkisikia kucha zikikwaruza, msifungue, hata nikiwaita kwa majina."

"Shangazi, wewe ndiye mama yangu," mume alisema.

"Ndiyo maana."

Fundi aliyatoa maji, mpira kwa mpira, hadi tone la mwisho. Shangazi akaibeba ndoo mwenyewe, akaingia bila kugeuka. Mume alitia ufunguo kitasani, akashindwa kuuzungusha. Fundi akampa mtoto amshike, akafunga mlango.